Kilo 15 na Kalamu Nyingi: Maswali na Majibu kuhusu Safari ya Ndege ya Uwindaji

Asubuhi isiyo na ukungu, mtu aliyesimama Kithimani, Yatta, akitazama magharibi huuona mlima ambao Wakamba huuita Kyanzavi na ramani huuandika Ol Donyo Sabuk. Jina lake la Kiswahili ni Kilima Mbogo, na mbogo bado wamo. Upande wa pili, kuelekea kusini mashariki, ardhi inanyooka kufuata mwinuko wa Yatta, mgongo wa lava wa kilomita zipatazo 290 unaoishia ndani ya Tsavo. Kati ya mlima huo na nyika hiyo ndipo ilipozaliwa sehemu kubwa ya hadithi ya uwindaji mkubwa Afrika Mashariki.

Haishangazi basi kwamba swali hili huwarudia mara kwa mara vijana wa Yatta waliojiajiri Nairobi kama madereva wa watalii na mawakala wa safari. Mgeni kutoka ng'ambo anataka kurushwa kwa ndege ndogo hadi pori la mbali, akae wiki mbili au tatu, awinde nyati au simba. Anamuuliza kijana wa Kithimani: mambo haya hupangwaje?

Majibu yafuatayo yanamfaa kijana huyo, mgeni wake, na mzazi anayetaka kujua mwanawe anaingizwa katika biashara gani.

Je, mgeni anaweza kuwinda Yatta, au popote pale Kenya?

Hapana. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya ngozi, pembe na vinyago vya viungo vya wanyama. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, inataja wazi kuwa uwindaji wa michezo au wa burudani ni kosa la jinai. Kuwinda kitoweo nako ni kosa, hata kama ni paa mmoja wa kulisha familia.

Kwa hiyo yeyote anayemwambia mgeni kwamba "kuna shamba la rafiki yangu, tutapiga swala wawili kimyakimya" anamwalika jela. Anayeendesha gari, anayebeba mzoga na anayenunua nyama wote wanaweza kujikuta kizimbani. Mahakama ya Kithimani haiko mbali.

Mbona wageni husema wamesoma kwamba uwindaji ni wa hapahapa?

Kwa sababu wanachokisoma kilitokea, ila ni cha zamani. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani kama rais wa Marekani, aliteremka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909, akapanda treni na kushuka kituo cha Kapiti, katika nyanda za Machakos. Simba wake wa kwanza aliwawinda karibu na shamba la Kitanga, mali ya Sir Alfred Pease. Akakaribishwa pia Juja na William Northrup McMillan, tajiri ambaye kaburi lake, tangu alipofariki 1925, liko kwenye Kilima Mbogo. Msafara wa Roosevelt ulipomalizika Khartoum mwaka 1910, yeye na mwanawe Kermit walikuwa wameua wanyama 512: baba 296, mwana 216. Walikuwa wakikusanya vielelezo kwa ajili ya taasisi ya Smithsonian ya Washington.

Ndege nazo zilitumika kutafuta wanyama katika nyika hizi. Denys Finch Hatton, mwindaji aliyeongoza matajiri, aliona kwamba kundi la tembo ambalo mfuatiliaji nyayo angelitafuta kwa siku kadhaa, rubani angeliona kwa saa moja. Tarehe 14 Mei 1931 ndege yake aina ya Gipsy Moth ilianguka Voi mara tu baada ya kupaa. Alikufa yeye pamoja na Kamau, mtumishi wake Mkikuyu. Baadaye Beryl Markham, rubani aliyelelewa Njoro, akaifanya kazi hiyohiyo ya kutafuta tembo kutoka angani katika nyika ya Ukambani, kwa ajili ya wawindaji kama Bror Blixen.

Lakini kabla ya hao wote walikuwepo wenyeji. Wakamba waliwinda kwa uta na mishale iliyopakwa ivai, sumu inayochemshwa kutoka kwenye mti. Wawaata wa Tsavo walivuta pinde nzito na kuangusha tembo kwa mshale mmoja uliolenga vizuri. Miaka ya 1956 na 1957 kampeni ya kupambana na ujangili Tsavo iliwapeleka wengi wao gerezani. Ujuzi ambao kwa mzungu mwenye leseni uliitwa mchezo, kwao uliitwa ujangili. Anayepanga safari leo anapaswa kuijua sehemu hiyo ya historia, maana ndiyo inayoeleza kwa nini jamii nyingi huwatazama wawindaji wageni kwa jicho la shaka.

Kama Kenya haiwezekani, mgeni aende wapi?

Jirani wa kwanza ni Tanzania. Nayo iliwahi kufunga uwindaji, kutoka 1973 hadi 1978, kisha ikaufungua tena. Leo uwindaji wa kitalii unasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, maarufu kama TAWA, chini ya sheria ya 2009. Nchi imegawanya mapori yake kuwa vitalu, na kila kitalu kinashikiliwa na kampuni yenye leseni. Mgeni haruhusiwi kuwinda peke yake. Lazima aongozwe na mwindaji bingwa, na awepo askari wa wanyamapori anayejaza kibali kila mnyama anapopigwa.

Uganda nayo ilifunga mwaka 1979, ikaanza kuruhusu kwa majaribio mwaka 2001 kandokando ya Hifadhi ya Ziwa Mburo.

Kwa upande wa Tanzania, ramani za zamani huwapoteza wengi. Mgeni anaweza kuja na kitabu cha miaka 20 iliyopita kinachosifu Selous, pori la takribani kilomita za mraba 50,000. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya kaskazini ya pori hilo, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, iligeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kuwinda. Swali la kwanza kwa kampuni basi lisiwe "mna simba?" bali "kitalu chenu kinaitwaje, na hati yake inaonyesha nini mwaka huu?"

Maandalizi yaanze lini, na karatasi gani hutangulia?

Mwaka mmoja kabla si mapema. Msimu Tanzania kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Julai, nyasi zikiwa zimekauka na wanyama wakikusanyika kwenye maji, na vitalu vizuri huwa vimekwisha kushikwa muda mrefu kabla ya hapo.

Kwanza ni mkataba na kampuni: jina la kitalu, idadi ya siku, na mgao wa wanyama uliobaki. Kila kitalu hupewa mgao kwa mwaka. Ukiisha umeisha, hata kama mgeni ameshalipa nauli. Kwa desturi, simba, chui na tembo hufungamanishwa na safari ndefu ya siku 21, na safari ya aina hiyo hugharimu makumi ya maelfu ya dola kabla ya kukodi ndege.

Pili ni kibali cha uwindaji na cha silaha. Tatu ni sheria za nchi atakakorudi mgeni. Tembo na simba wamo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES, na Marekani ina masharti yake ya ziada kuhusu kuingiza viungo vyao. Mtu anaweza kuwinda kihalali kabisa kusini mwa Tanzania, kisha ngozi yake ikakwama uwanja wa ndege wa kwao.

Mwisho ni mambo ya mwili: bima inayotaja uwindaji kwa jina, dawa za kuzuia malaria, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho anayeingia Tanzania kutoka Kenya huulizwa.

Bunduki ya mgeni ipitie Nairobi?

Ikiwezekana, isipitie. Kuingiza au kupitisha silaha Kenya kunahitaji idhini ya Bodi ya Leseni za Bunduki, na katika nchi isiyo na uwindaji, sababu ya "ninakwenda kuwinda" inahitaji maelezo mengi. Wapangaji wazoefu huwashauri wageni watue moja kwa moja Kilimanjaro au Dar es Salaam wakiwa na silaha zao, au wakodi bunduki ya kampuni kitaluni.

Kwenye ndege za abiria, risasi hufungwa mbali na bunduki, na kila abiria huruhusiwa kilo 5 tu. Kwa wanyama hatari kama nyati, kipimo cha chini cha bunduki kinachokubalika ni .375. Bunduki ndogo zaidi humjeruhi nyati tu, na nyati aliyejeruhiwa ni hatari kwa kila aliye kwenye msafara, hasa mfuatiliaji nyayo anayetangulia mbele.

Ndege inabeba nini, na kwa nini kila mtu anaulizia kilo?

Mkulima wa Kithimani hahitaji kuelezwa habari za mizani. Ameona gunia la ndengu likining'inizwa kwenye ndoano, mnunuzi akisogeza macho karibu asome mshale. Rubani wa porini anafanya kazi ileile, ila yeye akikosea hakuna wa kurudisha pesa.

Chukua Cessna 206, ndege ya injini moja inayotumika sana kwenye viwanja vidogo. Uzito wa juu kabisa wa kupaa ni kilo 1,633. Yenyewe tupu, pamoja na vifaa, huwa karibu kilo 1,000. Matangi yakijazwa, mafuta yanachukua kama kilo 240. Zimebaki kilo 390 hivi. Toa rubani wa kilo 80, zinabaki 310. Weka mwindaji, mwenzi wake na mwindaji bingwa, kila mmoja kilo 85, unabaki na kilo 55 kwa mizigo yote. Sanduku gumu la bunduki mbili, risasi na darubini linakula nusu ya hizo.

Ndiyo maana safari nyingi za ndege ndogo kutoka uwanja wa Wilson hudai kilo 15 kwa mtu, kwenye mfuko laini. Sanduku la magurudumu halikunjiki, na nafasi ya mizigo ina mlango mdogo. Kundi kubwa hukodi Cessna Caravan, yenye tumbo kubwa zaidi, au hutanguliza vyakula na mafuta kwa lori siku kadhaa kabla.

Jambo la pili ni joto na mwinuko. Hewa yenye joto, au ya mwinukoni, ni nyepesi, na mabawa hayashiki vizuri. Uwanja wa Wilson uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata asubuhi ndege inahitaji mbio ndefu kuliko ingehitaji Mombasa. Mchana wa jua kali, kwenye kiwanja kifupi cha porini, mzigo ambao asubuhi ulipaa bila taabu unaweza kukataa kupaa. Rubani akisema waondoke saa kumi na mbili alfajiri, wasimbembeleze.

Anayevuka mpaka kwa ndege ya kukodi lazima pia apite uhamiaji na forodha mahali panaporuhusiwa: Wilson wakati wa kutoka, kisha uwanja wenye maofisa hao upande wa Tanzania. Hakuna kuruka kutoka Kenya na kutua moja kwa moja kitaluni.

Kiwanja cha porini kikoje?

Ni ukanda wa udongo uliofyekwa, mawe meupe pembeni, na kitambaa kwenye mti kuonyesha upepo unakotoka. Kabla ya ndege kutua, gari la kambi hupita kutoka mwanzo hadi mwisho. Dereva anatazama vitu vitatu: wanyama waliokuja kula nyasi fupi, tope lililobaki baada ya mvua, na mashimo. Mhanga huchimba usiku mmoja shimo linaloweza kumeza gurudumu la mbele.

Anayepanga safari aulize mambo matatu kwa maandishi: kiwanja kina urefu gani, nani hukikagua asubuhi ya kutua, na kama kikifungwa na mvua ndege itatua wapi.

Mtu akiumia umbali wa siku nzima kutoka hospitalini?

Jibu lipatikane kabla ya kuondoka, lisiachwe hadi damu inapotoka. Huduma ya madaktari warukao ya AMREF, iliyoanzishwa mwaka 1957 na yenye makao yake Wilson, huwasafirisha wagonjwa kwa ndege kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na kuna uanachama wa kulipia mapema. Kambi iwe na simu ya setilaiti, majiranukta ya kiwanja yaandikwe ukutani, na awepo mtu anayejua kufunga jeraha linalovuja. Ndege nyingi hazitui viwanja vya udongo usiku, kwa hiyo aliyejeruhiwa jioni anaweza kungoja hadi kupambazuke.

Kuna pia adui mdogo. Mbung'o, mdudu anayeeneza malale, huvutwa na rangi nyeusi na buluu. Nguo za kaki na kijivu huvaliwa kwa sababu hiyo pia, mbali na kujificha.

Mnyama yupi anaruhusiwa kupigwa, na nyama inaenda wapi?

Kwa simba, Tanzania imeweka umri wa chini wa miaka 6, ili dume lisiuawe likiwa bado linalinda watoto wake. Umri haujulikani kwa kukisia. Mwindaji bingwa hutazama meno, manyoya ya shingo, na pua: pua ya simba mchanga ni ya waridi, na kadiri anavyozeeka madoa meusi huienea. Anaweza kukaa na darubini nusu saa kisha akasema, "Huyu bado," na mgeni analazimika kukubali. Kwa nyati, anatafuta dume zee ambalo pembe zake zimeungana kuwa gamba gumu juu ya paji la uso.

Mnyama aliyejeruhiwa na kutoroka huhesabiwa kuwa amepigwa, na ada yake hulipwa.

Ngozi huchunwa na kupakwa chumvi siku hiyohiyo, na fuvu huchemshwa. Nyama hulisha kambi, na vitalu vingi huwapa wanavijiji sehemu. Katika maeneo ya Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, kijiji kina haki ya mgawo wa mapato, na mgeni mwungwana huuliza mgawo huo umelipwaje.

Na wale tembo wa Amboseli waliouawa upande wa Tanzania?

Suala hili limewaumiza Wakenya wengi. Tembo hawajui mpaka. Madume makubwa ya Amboseli, ambayo watafiti wameyafuatilia kwa miaka 50 na kuyapa majina, huvuka kwenda eneo la Enduimet, upande wa Tanzania. Baada ya baadhi kuuawa mwaka 1994, palikuwa na makubaliano kuyaacha. Kati ya Septemba 2023 na mwanzoni mwa 2024, tembo dume kadhaa wenye pembe ndefu waliuawa tena huko na wawindaji wenye vibali, na wanasayansi na wahifadhi wakapaza sauti.

Kibali kinaweza kuwepo na jambo lenyewe likabaki kuwa kosa. Tembo wa aina hiyo wamebaki wachache mno barani, na dume la miaka 40 au 50 ndilo linalozaa zaidi na kuwafundisha vijana njia. Mpangaji anayejiheshimu hakubali kitalu cha mpakani kwa ajili ya tembo.

Je, uwindaji wa kulipia unaokoa wanyama au unawamaliza?

Kila upande una jambo la kujieleza. Kenya haijaruhusu kuwinda tangu 1977, na bado uchunguzi uliochapishwa 2016 uligundua kwamba wanyamapori katika nyanda zake za malisho walipungua kwa wastani wa asilimia 68 katika miaka 40 hivi, kwa sababu ya ua, mashamba, mifugo, ukame na ujangili. Tanzania nayo iliruhusu, na tembo wake walipungua kutoka zaidi ya 100,000 mwaka 2009 hadi takribani 43,000 mwaka 2014. Wengi wao hawakuuawa na watalii. Waliuawa na majangili wa pembe, wakiwemo walioingia katika vitalu vilivyokuwa na wenyewe.

Kinachoonekana kwenye mifano hii miwili ni kwamba mnyama hubaki pale ambapo ana ardhi, ana mlinzi anayelipwa mshahara kwa wakati, na jirani anayenufaika naye. Bunduki ya mgeni huchangia hayo pale tu fedha zake zinapofika kijijini. Zisipofika, ni kifo cha mnyama na pato la watu wachache.

Kijana wa Kithimani afanye nini na maarifa haya?

Amweleze mgeni ukweli wa sheria siku ya kwanza. Kama mgeni bado anataka kuwinda, amwelekeze kwa kampuni yenye leseni Tanzania, naye abaki kwenye kazi halali: usafiri hadi Wilson, hoteli, karatasi za kuvuka mpaka. Asibebe bunduki ya mtu, wala asikubali "ahsante" ya ngozi au jino.

Wageni wengi, wakishaelezwa gharama na masharti, huridhika na safari ya ndege ya kupiga picha. Hilo Kenya inalo kwa wingi. Sensa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu tembo 36,280 na vifaru 1,739. Ndege hutua Ithumba, kaskazini mwa Tsavo Mashariki, ambako mwinuko ule wa Yatta unaonekana ukikata anga; mtu wa Kithimani anaweza kumwonyesha mgeni kwamba mgongo ule unaanzia kwao. Anayetaka kuifanya kazi hiyo vizuri afanye mitihani ya chama cha waongozaji watalii wa Kenya, KPSGA, akianzia ngazi ya shaba na kupanda hadi fedha na dhahabu. Maarifa ya nyayo, miti na ndege ambayo babu yake alikuwa nayo yanapimwa humo, na yanalipwa.

Na akisikia mtu anauza safari ya kuwinda mahali popote ndani ya Kenya, iwe Yatta, Kapiti au Tsavo, atoe taarifa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, siku hiyohiyo.